Mstari wa Mwisho wa Selwyn Rigby

Selwyn Rigby alikuwa mtu ambaye nchi nzima iliijua sura yake na hakuna aliyelijua jina lake. Watu walimsimamisha sokoni wakamwuliza kama si yeye aliyewatengenezea bomba mwaka juzi. Kule Bolton, mama mmoja alimkumbatia kwenye kituo cha treni akamlilia begani, akidhani ni shemeji yake aliyehamia Kanada baada ya ugomvi. Selwyn alimpigapiga mgongo, akamwuliza habari za watoto, na treni ilipokuja akapanda.

"Ningemwambiaje kuwa si mimi," alisema baadaye, "na ndiyo kwanza amenisamehe?"

Kazi yake ilikuwa kuingia mlangoni. Katika kila mchezo wa kuigiza wa kuchekesha kuna wakati mambo yameshaharibika, bwana yuko kabatini, mke wa jirani yuko chini ya meza, na hapo ndipo mlango unapofunguliwa na kuingia mtu asiyejua kitu. Mtu huyo alikuwa Selwyn. Aliingia akiwa polisi, daktari wa meno, mkaguzi wa gesi, na baba mkwe aliyekuja siku moja kabla ya siku yake. Zaidi ya yote aliingia akiwa mchungaji. Uingereza nzima hapakuwa na mtu wa kuingia sebuleni na kofia mkononi, akauliza habari za wagonjwa, kisha akaikalia keki, kama yeye.

Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, katika kundi lililobadilisha mchezo kila Jumatatu. Usiku unaigiza wa wiki hii, mchana unakariri wa wiki ijayo, na kichwani bado umebaki wa wiki iliyopita. Jumatatu moja aliingia jukwaani amevaa koti la upelelezi, akafunga mlango nyuma yake, akasema kwa sauti nzito, "Asitoke mtu ndani ya nyumba hii." Mchezo wa wiki ile ulikuwa wa mapenzi. Hakuna aliyekuwa amekufa, wala hapakuwa na mpelelezi. Mwigizaji mkuu, mama aliyekuwa jukwaani tangu enzi za taa za gesi, alimtazama bila kupepesa.

"Hatukuwa na mpango wa kutoka, Inspekta," alisema. "Chai?"

Selwyn akakaa, akanywa chai. Hadi pazia linashuka alikuwa ameshakuwa msimamizi wa bwana harusi, na gazeti la mji likaandika kuwa sehemu ya Inspekta ilikuwa fupi lakini ya lazima. Siku ile ilimthibitishia Selwyn kwamba mtu akiingia mlangoni kwa moyo mweupe, Mungu atamtafutia kazi ndani.

Hiyo imani hakuipata jukwaani. Alizaliwa nayo Padiham, katika nyumba ya Amos Rigby, msimamizi wa mashine katika kiwanda cha nguo na mhubiri wa kanisa la Methodisti siku za Jumapili. Amos alikuwa mtu mwema asiyejua kumaliza. Mahubiri yake yalikwenda kwa hesabu, la kwanza, la pili, la tatu, na kabla ya kufika la nne alikuwa na tabia moja: aliinuka kwa vidole vya miguu, akafumba jicho moja, akabaki hivyo, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani aone kama la nne linakuja. Likija, la tano lilikuwa nyuma yake. Mkewe, Hilda, alikuwa ameacha nyama na viazi ndani ya jiko tangu saa nne asubuhi. Kanisani yeye alikaa karibu na mlango. Ukifika wakati, alisimama, akafunga vifungo vya koti, akasema kwa sauti ya kumtajia mtu saa:

"Amos. Viazi."

Naye Amos alisema Amina papo hapo, hata kama alikuwa katikati ya Bahari ya Shamu.

Selwyn alimpenda baba yake kupita kiasi, na alipopewa sehemu ya kwanza ya mchungaji hakujua mchungaji mwingine wa kumfuata. Aliinuka kwa vidole, akafumba jicho. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Akarudia kesho yake, na keshokutwa, na kwa miaka thelathini iliyofuata, hata redioni, ambako hakuna aliyeiona miguu yake. Alisema bila vidole sauti haitoki sawasawa.

Tabu ilikuja na televisheni. Dada yake Dorcas, aliyemzidi miaka miwili, hakuwa nayo. Dorcas aliishi katika nyumba ileile, akafundisha shule ya Jumapili kanisani palepale, na alikuwa amemwahidi baba yao kwamba hataingia ukumbini kutazama mchezo maisha yake yote. Lakini jirani yake, Bi Ashworth, alikuwa na televisheni, na mdomo.

"Dorcas mpenzi," alisema Bi Ashworth juu ya ukuta, akianika shuka, "jana usiku nimemwona marehemu baba yako. Amekalia keki."

Dorcas alikaa mwaka mzima bila kumwandikia mdogo wake. Alipoandika, barua ilikuwa ya mstari mmoja: *Baba hakuwahi kukalia keki ya mtu.*

Selwyn alijibu kurasa sita, akazichana, akapeleka tikiti. Kila Krismasi alimpelekea tikiti ya mchezo wowote aliokuwamo, na kila Krismasi ilirudi kwa posta pamoja na keki ya tangawizi, maana Dorcas alikuwa na hasira lakini hakuwa mtu wa kumwacha ndugu yake na njaa. Selwyn alikula keki na kuzitunza tikiti kwenye kopo la biskuti. Alitaka kitu kimoja tu duniani, na alikiombea kila usiku akiwa amepiga magoti katika vyumba vya kupanga kuanzia Hull hadi Torquay: dada yake aje mara moja, aone mwenyewe kwamba hakuwa akimcheka baba yao. Angemwonyeshaje, hakujua. Aliamini angejua dada akifika.

Mwaka 1972, akiwa na miaka sitini na mmoja, alipata sehemu kubwa ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa katika mchezo wa Krismasi wa watoto, ukumbi wa Tivoli mjini Thornsea, pwani ya Lancashire. Alikuwa Bi Pudini, mpishi wa mfalme aliyekosa usingizi: mwanamume mtu mzima ndani ya gauni pana kama hema, wigi la rangi ya karoti, na kifua cha mito miwili. Alipeleka tikiti kama kawaida. Safari hii haikurudi. Badala yake ilikuja kadi:

*Mwalimu Crabtree amepata matubwitubwi. Itabidi mimi niwalete watoto wa shule ya Jumapili, ishirini na wawili. Siji kukuona wewe. Nitakaa karibu na mlango, nikitazama watoto. D.*

Selwyn aliisoma akiwa amevaa gauni nusu, akacheza nayo kwenye korido mpaka akamwangusha mtu aliyekuwa miguu ya nyuma ya ng'ombe wa mchezo, ambaye alikuwa watu wawili ndani ya ngozi moja.

Sasa, mchezo wa Krismasi una desturi zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba mistari miwili ya mwisho, ile yenye vina inayofunga hadithi, haisemwi mazoezini. Haisemwi kabisa mpaka siku ya kwanza, mbele ya watazamaji waliolipa. Kuisema mapema ni kumaliza kitu ambacho hakijazaliwa, na kila mwigizaji anamjua mwenzake aliyeisema akavunjika mguu. Kwa hiyo kwa wiki tatu za mazoezi, kila walipofika mwisho, Selwyn alisema, "Turu turu turu, turu turu ta," wote wakaenda kunywa chai.

Mistari yenyewe hakuwa nayo. Kwenye skripti ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe, na hilo halikumshangaza, kwa kuwa mwandishi na meneja wa ukumbi, Bwana Percy Lomax, alijulikana kuwa mwoga wa mikosi. Selwyn alijua ataletewa mistari yake kwenye karatasi asubuhi ya siku ya kwanza. Bwana Lomax, kwa upande wake, alijua kuwa Bi Pudini atakuja na mistari yake mwenyewe, maana mwigizaji aliyekuwa akicheza sehemu hizo miaka yote kabla ya Selwyn alifanya hivyo. Yeyote kati yao angeweza kuuliza. Lakini kuuliza ni sawa na kuitaja, na zaidi ya hapo, ingeonekana kama mtu hamwamini mwenzake. Walipokutana kwenye ngazi walikonyezana tu.

"Uko tayari, mpenzi?" aliuliza Bwana Lomax, kama watu wa jukwaani wanavyoitana.

"Mimi niko tayari ukiwa tayari wewe," alisema Selwyn.

"Hiyo ndiyo roho."

Siku ya kwanza, saa nane mchana, ukumbi ulijaa hadi juu. Selwyn alichungulia kwenye tundu la pazia. Kule nyuma, mstari wa mwisho, kando ya mlango, aliona vichwa ishirini na viwili vilivyochanwa kwa maji, na mwishoni kofia ya kijivu aliyoijua. Akaweka sawa wigi lake. Kisha akaingia mlangoni, na kwa saa mbili na nusu akawa kama mtu aliyeshikwa na homa ya furaha. Alikanda unga ukamkimbia. Alimlaza mfalme mara tatu, akalala yeye. Miguu ya mbele ya ng'ombe ilikwenda kushoto na ya nyuma kulia, naye akawaunganisha tena kwa sindano ya kufumia. Kila alipopata nafasi alitazama kofia ya kijivu. Haikutikisika. Haikutoka.

Wakafika mwisho. Wahusika walijipanga na kuja mbele mmoja mmoja kutoa vina vyao. Binti mfalme akatoa vyake, mume wake akatoa vyake. Ng'ombe akasema mooo mara mbili, na hata hiyo ilikuwa na vina. Selwyn, aliyebaki peke yake, akageuza shingo kuelekea pembeni, ambako Bwana Lomax alikuwa amesimama akitabasamu.

"Mstari," Selwyn alisema kwa midomo bila sauti.

"Mstari wako," midomo ya Bwana Lomax ikajibu.

Wakatazamana. Wote wawili waliona jambo lilelile kwa wakati mmoja, na tabasamu la Bwana Lomax likashuka taratibu kama kamba ya nguo iliyokatika.

Pembeni mwa Lomax alikaa mzee Hallam, mwenye pazia. Hallam alikuwa amevuta kamba ile miaka hamsini. Masikio yalikuwa yamemwishia kwa kila kitu isipokuwa vina. Kina kikifunga, anavuta. Kisipofunga, havuti, hata mfalme halisi amwombe.

Selwyn akaja mbele, akainua gauni pande mbili.

"Mfalme wetu amelala," alisema, "nasi tumemaliza kazi."

Akangoja kina kije. Maneno yenye kina kile ni mengi, na siku nyingine yoyote angekutajia ishirini akiwa anavaa soksi. Siku ile hakupata hata moja.

"Kazi," alirudia.

"Kazi," wakajibu watoto mia tano, wakidhani ndiyo inavyotakiwa.

Pembeni, mzee Hallam aliishika kamba kwa mikono miwili, akimtazama kama paka anavyotazama tundu. Na hapo, bila kumwomba ruhusa, visigino vya Selwyn vikaanza kuinuka. Jicho moja likafumba. Mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa ya Bi Pudini.

"La kwanza, wapendwa," alisema, "mfalme alikosa usingizi kwa sababu alikula jibini usiku."

Ukumbi ukalipuka.

"La pili, hakumwambia mpishi. La tatu, mpishi alijua, ila hakuulizwa, na mtu asiyeulizwa katika nchi hii atakaa kimya mpaka nyumba iungue."

Miguu ya nyuma ya ng'ombe ilikuwa imekaa chini ikicheka ndani ya ngozi. Selwyn aliona yote hayo kwa jicho moja, na kwa jicho hilohilo akaona kofia ya kijivu ikiinuka. Dorcas alikuwa amesimama. Alikuwa akifunga vifungo vya koti, kimoja, kingine, mkono mmoja ukiwa tayari kwenye mlango.

Basi ndivyo alivyokuja kumwonyesha, Selwyn aliwaza: mbele ya watu mia tisa, baba yao ndani ya gauni, na mito miwili kifuani. Alitaka kushuka kutoka vidoleni. Miguu ilikataa. Alitaka kunyamaza, lakini alikuwa mtoto wa Amos Rigby na hakujua kunamalizwaje.

"Na la nne," alisema, "la nne, wapendwa, mfalme amelala, na sisi... na sisi tumemaliza kazi."

Hallam akakaza mikono kwenye kamba.

"Amos," alisema mtu kutoka nyuma, kwa sauti ya kutaja saa. "Viazi."

Mzee Hallam akasikia kina kinafunga, akavuta. Pazia lilianguka nyuma ya Selwyn, likalikamata wigi na kubaki nalo upande wa pili, yeye akaachwa mbele peke yake, upara unang'aa, wanja unamchirizika. Na kutoka mstari wa mwisho watoto ishirini na wawili wakasema "Amina" kwa pamoja, maana Dada Dorcas akisema neno la mwisho akanyamaza, ndivyo walivyofundishwa.

Watu walicheka mpaka wahudumu wakaogopa. Selwyn alicheka nao, akilia, akipunga mkono gizani kuelekea mlangoni bila kuona kama kuna mtu.

Alikuwa ameketi chumba cha kuvalia, mto mmoja umeshuka tumboni, mlango ulipogongwa. Dorcas aliingia, akatazama gauni, vipodozi, na kijiko cha mbao kikubwa kama kasia alichokuwa amekichomeka kiunoni. Hakukaa.

"Umemkosea," alisema.

Selwyn aliinamisha kichwa. "Najua, dada. Sikuwa na nia ya..."

"Kisigino."

"Nini?"

"Kisigino cha kushoto kilitangulia. Wewe unainua vyote viwili kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati. Baba alianza na cha kushoto, akangoja kidogo, halafu cha kulia. Miaka thelathini unamfanya mbele ya watu na hujawahi kumtazama miguu."

"Nilikuwa nakaa mbele, Dorcas. Nilikuwa natazama uso."

"Mimi nilikuwa nakaa na Mama."

Akaweka mkoba wake juu ya meza ya vipodozi, akashika mgongo wa kiti, akainuka: kisigino cha kushoto, akangoja kidogo, halafu cha kulia. Jicho likafumba. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na kofia kichwani. Selwyn alimtazama, akasimama kando yake, akajaribu.

"Polepole," alisema Dorcas. "Anachungulia. Haruki."

"Hivi?"

"Hivyo." Alikuwa bado juu ya vidole. "Nilidhani unamcheka, Selwyn. Bi Ashworth aliniambia watu wanacheka."

"Wanacheka, ndiyo."

"Nimewaona. Walikuwa wanacheka kama sisi tulivyokuwa tunacheka. Nilipasua kicheko siku ile Baba alipohubiri habari za Yona, unakumbuka?"

"Ukatolewa nje."

"Ukatolewa wewe. Nilisema ni wewe."

Ndivyo Bwana Lomax alivyowakuta, ndugu wawili wazee wamesimama kwa vidole mbele ya kioo, wakicheka bila sauti, kila mmoja na jicho moja. Alivua kofia.

"Bibi mpendwa," alisema, "kuna jambo dogo. Mstari ukishasemwa siku ya kwanza, ndio huohuo mpaka siku ya mwisho. Haubadilishwi. Tivoli ya zamani waliubadilisha, na leo kuna maegesho ya magari pale."

"Basi mwambie yeye auseme," alisema Dorcas.

"Lazima auseme yuleyule aliyeusema."

"Mara ngapi?"

"Hamsini na nne."

Dorcas akakaa, hatimaye. "Nilimwahidi baba yangu sitaingia ukumbini kutazama mchezo."

"Bila shaka," alisema Bwana Lomax, akikunja kofia.

Dorcas aliwaza. Selwyn alimjua, akajua kwamba alikuwa akiomba, kwa kuwa kidole chake gumba kilikuwa kinazunguka juu ya kitufe cha koti.

"Sikumwahidi kuwa sitaingia kufanya kazi," alisema.

Akatoa masharti. Jumapili haji. Atakaa kwenye korido akifuma, mpaka mhudumu amwite. Watoto wa Padiham wataingia bure. Selwyn ataanza na kisigino cha kushoto. Bwana Lomax alikubali yote, akambusu mkono, naye akaufuta kwa leso.

Wiki ya kwanza alikaa kwenye korido. Wiki ya pili mlango uliachwa wazi kidogo kwa sababu ya hewa. Wiki ya tatu alikuwa kwenye kiti chake tangu mwanzo, akifuma gizani, na aliliambia kanisa kwamba mfanyakazi mzuri hufika mapema. Soksi alizofuma zilitosha watoto ishirini na wawili na ng'ombe, miguu ya mbele na ya nyuma.

Siku ya hamsini na nne, ya mwisho, Selwyn alifika la nne na Dorcas hakusimama. Selwyn akangoja juu ya vidole. Hakuna kitu. Akaenda la tano. Akaenda la sita, jasho likipita katikati ya vipodozi, mzee Hallam akitetemeka na kamba yake, Bwana Lomax akiomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye muda mrefu. La saba likaja, na Selwyn alichungulia juu ya ukuta ule na kule nyuma akamwona dada yake amekaa raha mustarehe, mikono mapajani, anamtazama tu, machozi ya kicheko yanamtiririka, hana habari na viazi vya mtu.

Mungu alimwita Selwyn mwezi wa Machi mwaka huu wa 1984, akiwa usingizini, baada ya chai. Dorcas bado anaishi Padiham, na bado anakaa karibu na mlango. Anasema hana haraka. Lakini anajua huko mbinguni kuna watu wawili wamesimama kwa vidole, mmoja anaanza na kisigino cha kushoto na mwingine anasahau, wamefika la tisa, na Mama peke yake hatawaweza.